Cheo Kinachokimbiwa na Wanaokiweza

Mkuu wa shule anapohamishwa, habari huwahi kufika ofisi ya walimu kuliko barua yenyewe. Dereva wa halmashauri kamwambia mratibu elimu kata, mratibu kamnong'oneza mwalimu wa zamu, na kufikia chai ya saa nne kila mtu anajua kwamba kiti ki wazi. Majina huanza kutajwa kwa utani. Kila anayetajwa huapa kwamba hayumo, na anayeapa kwa nguvu kuliko wote mara nyingi ndiye ambaye wenzake wangempigia kura, laiti pangekuwa na kura.

Mwandishi wa makala haya aliyashuhudia hayo alipokuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya kata, Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Aliyekuwa akitajwa siku zote ni mwalimu wa Kemia, mhitimu wa chuo kikuu, ambaye walimu na wanafunzi walimwita Madam tu, kana kwamba shule nzima haikuwa na mwanamke mwingine. Maabara ya shule wakati huo ilikuwa msingi wa mawe uliosubiri matofali. Yeye alifundisha asidi na besi kwa ndimu na majivu, na watoto walielewa. Ratiba ya vipindi aliipanga yeye. Walimu wakikosana, walipatanishwa mezani kwake. Afisa elimu alipopita kumpima kwa maneno, alijibu kwa adabu zote: "Nashukuru, Afisa, lakini mimi bado najifunza kufundisha."

Afisa aliondoka akiamini amekutana na mtu mnyenyekevu. Wenzake walipomdodosa baadaye, Madam aliwatajia sababu moja baada ya nyingine, bila kulalamika, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kuongoza hakukumtisha. Alikuwa ameutazama ukuu wa shule kwa karibu, akaona kwamba kazi anayoiweza, yaani kuhakikisha watoto wanafundishwa vizuri, imo humo kwa sehemu ndogo mno. Sehemu kubwa ilikuwa kazi za watu wengine: mhasibu, mhandisi, afisa manunuzi, mpelelezi na msuluhishi wa kijiji. Zote zilidaiwa kwa jina la mtu mmoja.

Vikaoni, kusita kwa walimu wa aina yake hutajwa kama kutojiamini, wakati mwingine kama uvivu. Ukikaa nao ukawasikiliza unakuta kitu kingine kabisa. Wamefanya tathmini, na tathmini yao ina vielelezo.

Kielelezo cha kwanza cha Madam kilikuwa mkuu wake mwenyewe, mwalimu wa Historia, mtu mpole aliyependa kueleza Vita vya Maji Maji akitembea kati ya madawati. Aliingia katika ukuu kama walivyoingia wengi wa kizazi chake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004, Tanzania ilikuwa na shule za sekondari zipatazo 1,300. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Kila shule mpya ilihitaji mkuu, na hapakuwa na hazina ya watu walioandaliwa kwa ajili hiyo. Bagamoyo kulikuwa na chuo cha uongozi wa elimu kilichoanza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP, ambacho tangu 2001 kinaitwa ADEM, lakini kasi ya kujenga shule ilizidi mno kasi ya kufundisha wakuu. Walimu waliokuwa na miaka michache tu kazini waliamka wakiwa viongozi wa walimu wenzao.

Mwalimu wa Historia alipata barua, kisha akaenda kwenye makabidhiano. Alikabidhiwa muhuri, funguo, vitabu vya stakabadhi na deni la mzabuni wa maharage. Deni lilikuwa la shule, ila mzabuni alikuwa akimfuata nyumbani kwake, jioni, mbele ya watoto. Alijifunza kuandika hati za malipo kwa kunakili za mtangulizi wake, pamoja na makosa yaliyokuwamo. Wakaguzi walipokuja, makosa yale yakawa hoja, na hoja zikaandikwa jina lake.

Hali haikuwa rahisi zaidi Serikali ilipofuta ada. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na faida yake ilionekana kwa macho: watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kila muhula walibaki darasani. Hakuna mwalimu shuleni pale aliyetamani siku za kufukuza watoto zirudi. Lakini hesabu za mkuu wa shule zilibadilika. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa Sh25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nusu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu na nusu ikienda shuleni. Shule ya wanafunzi 600 hapo inapata Sh7,500,000 kwa mwaka, sawa na Sh625,000 kwa mwezi, ukiacha fidia ya ada, ambayo kwa shule ya kutwa ni Sh20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika fedha hizo zinatakiwa zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme na dharura. Shule ya msingi iko chini zaidi: Sh10,000 kwa mwanafunzi, Sh6,000 tu ndizo zinafika shuleni.

Mlinzi hataki kusikia habari za fungu. Anataka mshahara wake mwisho wa mwezi.

Zamani pengo lilizibwa na mchango wa wazazi. Baada ya 2016 mchango ulibidi upite katika kikao, muhtasari na kibali, na Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango ya wazazi. Shuleni kwa mwalimu wa Historia wazazi walikuwa wamekubaliana, kwenye mkutano wao wenyewe, kutoa mahindi na maharage ili watoto wa Kidato cha Nne wale mchana. Muhtasari ulikuwapo, sahihi zilikuwapo. Mzazi mmoja alipiga simu kulalamika. Barua ya kumvua madaraka mkuu ilifika kabla ya mtu yeyote kuja kuuliza muhtasari uko wapi, na makande yakakoma wiki hiyohiyo.

Madam aliyatazama hayo yote akiwa upande wa pili wa ukuta, darasani.

Kielelezo cha pili kilikuwa matokeo. Mwalimu wa somo huwajibika kwa somo lake, na mwalimu mzuri hupenda iwe hivyo. Mkuu wa shule huwajibika kwa masomo yote, pamoja na yasiyo na mwalimu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Tume iliundwa, Baraza la Mawaziri likajadili, matokeo yakapangwa upya. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa hadharani kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mkuu wa shule isiyo na mwalimu wa Hisabati alikaa katika kikao kilekile na mkuu wa shule yenye walimu watatu wa Hisabati, na rangi zao zikasomwa kwa sauti moja.

Katika vikao vya tathmini vya wilaya kuna neno ambalo kila mkuu wa shule analijua: "Simama tukuone." Husemwa kwa aliyeshika mkia. Mtu mzima, mwenye wajukuu pengine, husimama mbele ya wenzake na vijana aliowafundisha mwenyewe, ajieleze. Mwalimu wa Historia aliporudi kutoka kikao kimojawapo, hakuingia ofisini. Aliingia Kidato cha Tatu akafundisha kipindi kisichokuwa chake.

Walimu wa kanda ile walikuwa na kumbukumbu nyingine iliyowakaa moyoni. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasa la saba, na askari polisi akawachapa. Rais Jakaya Kikwete alimfukuza kazi mkuu huyo wa wilaya, na hilo lilikuwa jibu la haki. Lakini miaka mingi baadaye, kila lilipotajwa jina la atakayekuwa mkuu wa shule, mtu wa mzaha asingekosa kuuliza: "Umepima suruali ya viboko?" Watu walicheka, na aliyetajwa alicheka pia, kisha akaendelea kusahihisha madaftari.

Ukitaka kujua kwa nini mwalimu hodari huogopa zaidi jambo hili kuliko mwalimu wa kawaida, tazama anachopoteza. Madam alikuwa na heshima iliyotokana na kazi ya mikono yake: wanafunzi wake walifaulu, na kila mtu alijua ni kwa sababu gani. Kwa kukubali ukuu angeibadilisha heshima hiyo kwa nyingine inayotegemea idadi ya walimu atakaopelekewa, ruzuku itakayofika na hali ya hewa ya kisiasa mwaka huo. Na kinyume cha wanavyodhani watu wengi, asingepanda ngazi. Ukuu wa shule Tanzania ni madaraka, haumwongezei mwalimu daraja lake la utumishi. Mkuu anaweza kuwa na daraja la chini kuliko mwalimu anayemsainia ruhusa. Daraja hulindwa na taratibu za Tume ya Utumishi wa Walimu, ilhali madaraka huondoka kwa barua ya aya mbili.

Posho ipo. Katikati ya muongo uliopita Serikali ilianza kuwalipa wakuu posho ya madaraka, Sh250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa shule ya sekondari na Sh200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kazi hiyo kuthaminiwa kwa fedha, na walishukuru. Ila mkuu wa shule iliyo kilomita nyingi kutoka makao ya halmashauri huitumia posho hiyohiyo kwa bodaboda ya kupeleka ripoti, vocha za simu, bando la kujaza mifumo usiku, na soda ya mgeni aliyekuja bila taarifa. Madam aliwahi kumsaidia mwalimu wa Historia kupiga hesabu ya mwezi mmoja. Walipofika mwisho wa orodha, waliamua kutojumlisha.

Mwaka 2018, nafasi ilipokuwa wazi, afisa elimu alimrudia Madam. Akakataa tena. Safari hii alisema wazi kwamba ana watoto wadogo na mume anayefanya kazi mkoa mwingine, na kwamba anayeteuliwa leo anaweza kupelekwa kesho shule ya mpakani mwa wilaya isiyo na nyumba ya mwalimu. Afisa, ambaye naye alikuwa mwalimu mzuri enzi zake, hakubisha.

Aliyekubali alikuwa mwalimu wa Jiografia, mwanamke wa makamo, makamu mkuu kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa alikuwa makamu, hakuwa anaingia asikokujua. Na kwa kuwa alikuwa na watoto wakubwa, hoja ya familia ilimpungukia uzito. Hapo ndipo mwandishi alipoona upande mwingine wa jambo hili, maana mama huyu alifanya kazi ambayo wengi walikuwa wameihesabu kuwa haifanyiki. Hata hivyo gharama yake ilikuwa wazi.

Katika mwaka wake wa kwanza alimpeleka mwanaume mmoja wa kijijini mahakamani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na yakamtaka mkuu wa shule kuweka kumbukumbu na kutoa taarifa za kina za kesi hizo kila robo mwaka. Kwenye karatasi ni ulinzi wa mtoto wa kike, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu aliyeupinga. Kijijini, mwanaume anayetajwa huenda ni mtoto wa mjumbe wa bodi ya shule. Familia mbili hukaa, hukubaliana ng'ombe, wanamalizana kinyumbani. Binti anabadilisha maelezo. Anayebaki polisi na faili ni mkuu wa shule, ambaye kesho yake atanunua nyanya kwa shangazi wa mtuhumiwa. Mzee mmoja alimfuata mama huyo mpaka ofisini akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ni mgeni hapa. Wageni hawawashi moto kwenye nyumba za watu." Mama huyo alikuwa ameishi kijijini pale zaidi ya miaka kumi.

Hakuiondoa taarifa yake. Lakini tangu siku hiyo mlinzi wa shule alimsindikiza nyumbani jioni, na mumewe akaanza kumuuliza kila Jumapili kama ni lazima aendelee.

Kisha yakaja madarasa. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Sh trilioni 1.3, wa kupambana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, kila kimoja kwa Sh20,000,000, na muda wa kumaliza ulikuwa Desemba. Hakukuwa na mkandarasi. Shule zenyewe zilinunua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani, utaratibu ambao wengi wanauita fosi akaunti. Fedha ziliingia katika akaunti za shule, na usimamizi ukaangukia mikononi mwa mkuu.

Mwandishi, ambaye alikuwa ameshahamia shule nyingine, alimtembelea wakati huo. Alimkuta mwalimu wa Jiografia akikagua nondo. Aliweza kueleza tofauti ya nondo ya milimita 12 na ya 16, uwiano wa saruji na mchanga wa jamvi, na kwa nini bei ya mfuko wa saruji ilikuwa ikipanda kila wiki kwa kuwa nchi nzima ilikuwa ikijenga kwa wakati mmoja. Sh20,000,000 zilikuwa zilezile kwa shule iliyo kando ya barabara ya lami na kwa shule ambayo mchanga unafika kwa mtumbwi. Alikuwa na vipindi viwili vya Kidato cha Pili kwa wiki ambavyo aligoma kuviacha. "Nikiviacha hivi," alisema, "nitasahau nilikuja huku kufanya nini."

Madarasa yalikamilika, na ni mazuri. Watoto waliokuwa wakibanana sabini katika chumba kimoja walipata nafasi. Mtu asiyeona faida ya hilo haijui shule ya kata. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza kikaoni ni nani aliyekuwa akisimamia ufundishaji kwa miezi hiyo mitatu, Kidato cha Nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa na mkuu wa shule akiwa kwenye foleni ya kiwanda cha matofali.

Mwalimu wa Jiografia alifaulu kwa sababu ya mambo machache, na hayakuwa ya ajabu. Kamati tatu zinazotakiwa na utaratibu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, katika shule nyingi huwa za kusaini tu. Yeye alizifanya zifanye kazi. Aliyepokea saruji hakuwa aliyeinunua, na yeye mwenyewe hakugusa hata mfuko. Mapato na matumizi yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mwalimu yeyote aliweza kuuliza, na waliuliza. Makamu wake alikaa naye katika kila mazungumzo na mzabuni. Madam wa Kemia, aliyekuwa amekataa ukuu mara mbili, alikubali kuongoza kamati ya mapokezi na akawa mkali kuliko mkaguzi. Mzabuni mmoja alirudishiwa lori zima la mchanga uliojaa udongo.

Hilo la mwisho lafaa kutazamwa vizuri. Mtu aliyekimbia cheo hakukimbia jukumu. Alipopewa sehemu inayoonekana mwanzo na mwisho, yenye mamlaka yanayolingana nayo, aliifanya kwa moyo wote, tena bila posho.

Si kila kusita ni kwa heshima. Wapo wanaoukataa ukuu kwa sababu masomo ya ziada ya jioni yanalipa, au kwa sababu shamba la mpunga linahitaji mwenyewe. Wapo waliozoea kukosoa wakiwa kona ya ofisi na wanajua kwamba kiti kile kingewanyima uhuru huo. Mkuu wa shule pia ndiye mamlaka ya kwanza ya nidhamu kwa makosa mepesi ya walimu wake, na kumwandikia barua ya onyo mtu mnayekopeshana sukari kunahitaji ngozi ambayo si kila mtu anayo. Hayo ni kweli. Lakini nafasi inapokimbiwa na wenye uwezo haibaki wazi. Hujazwa, mara nyingi na anayekaimu mwaka hata mwaka bila kuthibitishwa, au na yule aliyekuwa akiitafuta kwa simu, ambaye sababu zake za kuitafuta hazihusiani sana na watoto.

Nchi jirani inaonyesha kwamba njia ya uteuzi pekee haitoshi. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu hutangaza nafasi za ukuu, walimu huomba na kusailiwa, jambo ambalo wengi wa upande wa Tanzania hulitamani kwa sababu mtu huingia kwa hiari yake. Lakini sera ya kuwahamisha wakuu mbali na maeneo yao, iliyoshika kasi mwaka 2018, iliwafanya baadhi yao kuona kupandishwa cheo ni kutenganishwa na familia, na vyama vya walimu na wabunge wakaipinga mpaka ikalegezwa. Mwalimu huisoma kazi yote, pamoja na maandishi madogo.

Walimu wa shule ile ya Kanda ya Ziwa, wakikusanyika kwenye msiba au harusi ya mmoja wao, hulijadili jambo hili bado, na mapendekezo yao yamepungua maneno kadiri miaka inavyopita. La kwanza ni mtu wa hesabu. Shule yenye ruzuku, miradi ya ujenzi, mfumo wa taarifa za fedha na, tangu 2023, manunuzi yanayopita katika mfumo wa NeST, haiwezi kuendeshwa na mwalimu wa Biolojia anayejifunza uhasibu usiku kwa simu. Karani mmoja wa fedha kwa shule mbili au tatu za jirani angerudisha saa nyingi darasani.

La pili ni mafunzo kutangulia uteuzi. Kumpeleka mtu kozi baada ya kumkabidhi madeni ni kumfundisha kuogelea akiwa tayari katikati ya ziwa. Makamu na walimu wa taaluma wangepitia kozi hiyo mapema, wengine wangegundua kwamba hawaitaki kazi, na kugundua hivyo kabla ya barua ni nafuu kwa kila mtu.

La tatu ndilo ambalo Madam hulirudia, na huenda ndilo lenye uzito kuliko yote. Alipofuatwa mara ya pili alimuuliza afisa elimu: nikichoka, au nikishindwa, nitarudi vipi darasani? Afisa hakuwa na jibu, kwa kuwa jibu halimo katika barua ya uteuzi. Kutoka ukuu kurudi ualimu hakuna jina jingine zaidi ya kuvuliwa madaraka, hata kama mtu ameomba mwenyewe. Watoto husikia, wanakijiji husikia, na anayerudi hutafutiwa kosa hata asipokuwa nalo. Kama uteuzi ungekuwa wa kipindi kinachojulikana, na mwishoni mwake mtu akachagua kuendelea au kurejea kwenye somo lake akiwa na daraja lake na heshima yake, Madam anasema angelifikiria upya. Anasema pia kwamba angekuwa ameshamaliza kipindi chake zamani.

Mwalimu wa Historia yeye alirudi darasani kwa njia ile nyingine. Anafundisha wilaya ya jirani, na wanafunzi wake wanapenda anavyoeleza Maji Maji. Halmashauri yake haijawahi kumwita azungumze na wakuu wapya, ingawa wachache wanaijua kazi ile kwa undani kama yeye. Wakuu wapya humfuata wenyewe, wakiwa na mafaili kwenye mifuko. Huanza kwa kuuliza jinsi ya kujibu hoja ya ukaguzi, na wakishazoea kidogo huuliza namna ya kuandika barua ya kuomba kujiuzulu bila kuharibu daraja. La kwanza huwasaidia siku hiyohiyo. Kwa la pili amekuwa akiwashauri wafanye nakala mbili, wapeleke moja kwa mkono, na wadai muhuri wa kupokelewa.